Chakula Hai cha Vifaranga vya Samaki wa Mapambo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Mombasa

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo wa Kisiwani, Nyali, Likoni na Changamwe huanza kutafuta chakula cha vifaranga siku ambayo mayai tayari yameonekana tangini. Majibu yafuatayo yamekusudiwa msomaji ambaye angependa kujiandaa kabla ya hapo, na yamezingatia joto, maji na vifaa vinavyopatikana Mombasa.

Kwa nini vifaranga wasilishwe chakula cha unga cha dukani tangu mwanzo?

Kifaranga aliyetoka kwenye yai huwinda kwa macho, na kinachomvuta ni mwendo. Chembe ya unga isiyotikisika humpita mbele ya kinywa bila yeye kuitambua kuwa ni chakula, kisha huzama na kuanza kuoza. Katika maji yenye nyuzi 29 au 30, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya tangi la Mombasa wakati wa kaskazi, uozo huo hauchukui siku nzima. Chakula kilichobaki asubuhi huwa kimekwisha kuyachafua maji kabla ya jioni, na vifaranga hufa kwa amonia, sumu itokanayo na uozo huo, huku mwenyewe akidhani wamekufa kwa njaa. Chakula hai huendelea kuishi majini kwa saa kadhaa au hata siku kadhaa, kikingoja kuliwa.

Wapo wanaoweza kuanza na unga uliosagwa sana, hasa vifaranga vya gapi, moli na plati, ambao huzaliwa wakiwa wamekamilika na wenye kinywa kikubwa kiasi. Hata hao hukua upesi zaidi wakichanganyiwa chakula hai.

Nianze maandalizi lini?

Kabla ya kuwakutanisha dume na jike. Hesabu ni nyepesi: mayai ya samaki aina ya beta huanguliwa kwa siku 1 hadi 2, na vifaranga wake huishi kwa kiini walichobaki nacho tumboni kwa siku nyingine 2 au 3 kabla ya kuanza kuogelea na kutafuta chakula. Kwa hiyo una takriban siku 3 hadi 5 tu tangu mayai yatagwe. Artemia, mnyama mdogo wa maji ya chumvi wa jamii ya kamba, huhitaji siku moja kuanguliwa, infusoria, yaani vijidudu vidogo sana vya majini, huhitaji siku 3 hadi 5, minyoo wa uji huhitaji karibu wiki moja ili wawe wengi, na minyoo wa siki huhitaji wiki 3 au 4. Anayeanza kutafuta mbegu ya minyoo wa siki, yaani minyoo wachache wa kuanzia, baada ya kuona mayai amechelewa, naye atalazimika kutegemea infusoria peke yake.

Nitajuaje chakula kipi kinatosha kinywa cha kifaranga wangu?

Hili ndilo swali la msingi kuliko yote, kwa maana kifaranga hatafuni. Humeza kitu kizima, na kisichoingia kinywani hakina faida kwake hata kikiwa na lishe namna gani.

Vijidudu vya infusoria, kama vile paramesia, vina urefu wa milimita 0.1 hadi 0.3, na rotifa, wanyama wengine wadogo sana wa majini, wako katika kiwango hichohicho. Minyoo wa uji na minyoo wa siki hufikia milimita 1 hadi 2 kwa urefu, lakini unene wao ni takriban milimita 0.05 tu, na ndiyo maana kifaranga mdogo huweza kuwameza kama tambi. Artemia aliyeanguliwa sasa hivi ana milimita 0.4 hadi 0.5. Moina wachanga (moina na dafnia ni wanyama wadogo wa jamii ya kamba wa maji yasiyo na chumvi) hukaribia kipimo hicho, lakini moina mzima na dafnia ni wa baadaye kabisa, vifaranga wakishapata majuma kadhaa.

Vifaranga vya gurami na beta ni wadogo mno, na siku zao za kwanza huhitaji infusoria, rotifa au minyoo wa siki. Vifaranga vya enjeli na vya siklidi wengi huweza kumla artemia mara tu waanzapo kuogelea. Vivyo hivyo vifaranga vya Nothobranchius, wale samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi katika madimbwi ya msimu ya pwani yetu, ambao mayai yao hungoja ndani ya udongo mpaka mvua inyeshe. Spishi ya Nothobranchius palmqvisti, kwa mfano, hupatikana katika nyanda za pwani za kusini-mashariki mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na vifaranga wake humla artemia tangu siku ya kuanguliwa.

Infusoria hutengenezwaje nyumbani?

Jaza chupa ya kioo yenye mdomo mpana kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lako la zamani, tia kipande cha ganda la ndizi lililokauka au jani la mchicha lililochovywa katika maji moto, kisha funika kwa kitambaa na uweke mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Siku ya kwanza au ya pili maji yatakuwa meupe kama tui na yatatoa harufu isiyopendeza, kwa kuwa bakteria ndio waliotangulia kuongezeka. Usiyatumie wakati huo. Baada ya siku 3 hadi 5 maji huanza kung'aa tena, kwa sababu infusoria wamewala bakteria, na ukiinua chupa kuelekea dirishani utaona vumbi jepesi linalojisogeza lenyewe. Hapo ndipo pa kuvuta kiasi kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kuwapa vifaranga.

Joto la Mombasa huharakisha kazi hii, na pia huharakisha kuharibika kwake. Chupa moja ikishaanza kutumika haidumu, kwa hiyo ni afadhali kuanzisha nyingine kila baada ya siku 3.

Artemia huanguliwaje?

Artemia ni mnyama mdogo wa jamii ya kamba anayeishi katika maziwa ya chumvi na katika mabwawa ya kuvunia chumvi. Mayai yake yaliyokauka huweza kukaa miaka kadhaa bila kufa, na ndiyo huuzwa yakiwa ndani ya mikebe. Sehemu kubwa ya yale yanayouzwa duniani hutoka Great Salt Lake nchini Marekani. Gramu moja ya mayai hayo huwa na mayai 200,000 hadi 300,000, kwa hiyo robo ya kijiko cha chai inatosha kabisa kwa tangi la vifaranga la nyumbani.

Chukua chupa ya soda ya lita 2, ikate kitako, kisha ipindue mdomo wake uwe chini na uishikize ndani ya kopo au chupa nyingine pana ili isianguke. Tia lita moja ya maji ya chumvi. Shusha mrija wa pampu ya hewa mpaka shingoni, mahali palipo chini kabisa, ili mapovu yainue mayai yote na yasipate pa kutulia. Usifunge jiwe la hewa kwenye mrija, kwa sababu mapovu madogo madogo hutengeneza povu linaloyabeba mayai na kuyabandika kwenye kuta za chupa juu ya maji, yakabaki hapo bila kuanguliwa. Ukiyaona yamebandika, yasukume chini kwa maji machache.

Kiwango cha chumvi kinachofaa ni gramu 20 hadi 35 kwa lita, na joto liwe nyuzi 25 hadi 30. Mwanga pia unahitajika, hasa katika saa za mwanzo baada ya mayai kulowana. Taa ya kawaida ya chumbani iliyo karibu inatosha. Katika joto la kaskazi mayai mazuri huanza kuanguliwa ndani ya saa 18, na ndani ya saa 24 kazi huwa imekwisha. Wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti ambapo usiku huwa na ubaridi kidogo, ongeza saa 6 hadi 12.

Kuvuna ndiko kunakotaka utulivu. Zima pampu, funika sehemu ya juu ya chupa kwa kitambaa cheusi, na uelekeze tochi chini, karibu na shingo. Ngoja dakika 10. Maganda matupu huelea juu yakawa utando wa kahawia, mayai yasiyoanguliwa hulala chini kabisa, na artemia wenyewe, ambao hufuata mwanga, hukusanyika katikati na chini wakawa wingu la rangi ya machungwa linalochezacheza. Ingiza mrija mwembamba wa hewa katika wingu hilo, vuta kwa taratibu, na yapitishe maji kwenye kitambaa chepesi cha pamba kilichofumwa kwa kubana. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulisha. Ikiwa maganda mengi yamefuatana nao, rudia kutuliza na kuvuna mara ya pili, kwa sababu maganda hayayeyuki tumboni mwa kifaranga na huweza kumziba.

Walishe mapema. Artemia mchanga huzaliwa na akiba yake ya kiini na hawezi kula kitu mpaka ajivue ngozi ya kwanza, jambo linalotokea baada ya saa 8 hadi 12 hivi katika joto letu. Kila saa inayopita anaitumia akiba hiyo, na thamani yake kama chakula hupungua. Wanaosalia waweke kwenye friji ndani ya maji machache ya chumvi yaliyotandazwa kwenye sahani, na uwatumie kabla ya siku kupita.

Je, maji ya bahari yanafaa kwa kuangulia artemia?

Yanafaa, na hapa mkazi wa Mombasa amebarikiwa kuliko mfugaji wa Nairobi anayelazimika kununua chumvi. Bahari ya Hindi ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukichanganya sehemu mbili za maji ya bahari na sehemu moja ya maji yasiyo na chumvi unapata karibu gramu 23, kiwango ambacho mayai huanguliwa vizuri.

Muhimu ni mahali na wakati wa kuteka. Teka ufuoni mwa bahari wazi, kama vile Nyali, Bamburi au Shelly, wakati maji yamejaa, kwa kuwa maji ya kujaa hutoka baharini wazi ilhali maji ya kupwa huleta ya mikondoni. Epuka Kilindini kwa sababu ya mafuta ya meli, na epuka mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa, ambako maji machafu ya makaazi huingia. Wakati wa mvua za masika usiteke karibu na mdomo wa mto au mtaro, kwani chumvi hupungua bila macho kugundua. Maji yachujwe kwa kitambaa na kuachwa gizani kwenye mtungi uliofungwa kwa siku kadhaa.

Anayeishi mbali na ufuo atumie chumvi ya mawe isiyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, gramu 25 kwa lita, pamoja na chembe ya bikaboneti ya soda, kwa sababu mayai hupenda maji yenye pH ya 8 au zaidi kidogo.

Nimefuata maelekezo yote, lakini mayai hayaanguliwi. Tatizo ni nini?

Mara nyingi tatizo ni unyevu wa hewa yetu. Mayai ya artemia hufyonza unyevu; mkebe ukifunguliwa na kufungwa kila siku katika hewa ya pwani, mayai huloa kidogo, uhai ulio ndani huanza kuamka, kisha hufa kwa kukosa maji ya kutosha kuendelea. Mkebe ukishafunguliwa, gawa mayai katika vichupa vidogo vya kutosha juma moja moja, vifunge kwa kubana, na uviweke kwenye friji pamoja na kile kifuko cha kukausha kinachopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Kichupa kinachotoka kwenye friji kiachwe kipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utaingia ndani.

Jihadhari pia na mayai yanayouzwa kwa kupimiwa kutoka mkebe uliokwisha kufunguliwa dukani. Bei yake huvutia, lakini hujui mkebe umekaa wazi tangu lini.

Je, kuna artemia wa Kenya?

Wapo. Artemia franciscana aliletwa katika miaka ya 1980 kwenye mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, upande wa Gongoni, na akazoea. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako Mkomani hapa Mombasa, imeshughulika na ufugaji wake pamoja na wakazi wa huko.

Minyoo wa uji na minyoo wa siki hufugwaje?

Minyoo wa uji hawana masharti. Pika uji mzito wa shayiri au wa ngano, uache upoe kabisa, tandaza kimo cha sentimita moja katika bakuli la plastiki lenye kifuniko, nyunyiza hamira kidogo juu, na utie kijiko kimoja cha mbegu kutoka kwa mfugaji mwenzako. Toboa kifuniko na uzibe tundu kwa kitambaa ili nzi wadogo wasiingie. Baada ya siku chache kuta za bakuli zitameremeta kwa minyoo wanaopanda, na utawakusanya kwa ncha ya kidole au brashi safi bila kugusa uji.

Katika joto la kaskazi uji huo hugeuka maji na kunuka pombe mapema, kwa hiyo anzisha bakuli jipya kila wiki badala ya kungoja lile la zamani life. Sisimizi nao hawakosi: weka bakuli juu ya kikombe kilichosimama ndani ya sinia la maji. Zingatia kwamba minyoo hawa huzama, hivyo huwafaa zaidi vifaranga wanaotafuta chini.

Minyoo wa siki, kwa upande wao, huogelea katika kimo chote cha maji na huishi humo siku nyingi, na kwa maoni yangu hakuna chakula kinachomfaa zaidi kifaranga wa beta katika siku zake za mwanzo. Changanya siki ya tufaha na maji kwa usawa, tia kipande cha tufaha na mbegu, kisha uisahau chupa hiyo kabatini kwa mwezi. Kuwavuna, mimina siki yenye minyoo katika chupa yenye shingo ndefu mpaka ifike chini ya shingo, shindilia pamba igusane na siki, kisha mimina maji safi juu ya pamba. Kufikia kesho yake minyoo watakuwa wamepenya pamba kutafuta hewa, na utawavuta kutoka kwenye maji safi bila tone la siki.

Wafugaji wa nchi za baridi husifu sana minyoo weupe wa udongo. Hao wanataka joto lisilozidi nyuzi 20 hivi. Mombasa hawataishi nje ya friji.

Vipi kuhusu moina na dafnia?

Moina huvumilia joto kuliko dafnia mkubwa, na ndiye ninayempendekeza kwa pwani. Mfuge katika ndoo au karai la maji yaliyogeuka kijani kwa kuwekwa juani, na umwongezee hamira iliyoyeyushwa, kiasi cha kuyatia maji ukungu kidogo tu. Maji ya mfereji, yawe ya Mzima au ya Baricho, hutiwa klorini, na klorini huua moina upesi. Yaache wazi kwa saa 24 huku yakipigwa hewa. Maji ya visima vingi vya Kisiwani yana chumvichumvi, na hayafai kwa moina.

Je, viluwiluwi vya mbu si chakula kizuri cha bure?

Kwa lishe ni kizuri, lakini kwa Mombasa siwezi kukipendekeza. Mji huu ulikumbwa na homa ya dengi mwaka 2013 na 2014, kisha chikungunya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, na magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes anayetaga katika vyombo vya maji vya nyumbani. Katika joto letu kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Isitoshe, viluwiluwi ni wakubwa mno kwa kifaranga mchanga. Ndoo zako za moina na maji ya kijani nazo zifunikwe kwa neti.

Nawezaje kuwalea vifaranga vya samaki wa bahari?

Ni kazi ngumu zaidi. Vifaranga vya Amphiprion, wale samaki wa matumbawe wanaoishi ndani ya anemoni, huhitaji rotifa wa maji ya chumvi katika siku zao za mwanzo, na rotifa hao nao huhitaji kulishwa mwani mchana na usiku. Vuna robo ya rotifa kila siku hata kama huna vifaranga, vinginevyo watajazana na kufa wote kwa usiku mmoja. Na daima weka chombo cha pili cha akiba, mbali na cha kwanza. Artemia wanaotumika baadaye wawekwe kwanza katika maji yenye mafuta ya lishe ya samaki kwa saa kadhaa baada ya kujivua ngozi, kwa sababu wao wenyewe ni maskini wa asidi za mafuta ambazo samaki wa bahari hawawezi kuzikosa.

Kiini cha yai la kuku je?

Ni cha dharura tu. Tone moja likizidi, maji yote huharibika.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Mayai ya artemia yakikosa hewa kwa saa moja au mbili hayaharibiki yote, ila uyakoroge kwa mkono kila baada ya dakika chache. Pampu ndogo ya betri ni ununuzi wa busara. Infusoria na minyoo hawategemei umeme, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotegemea artemia peke yao.

Nilishe mara ngapi, na nitajuaje kwamba wameshiba?

Mara 3 hadi 5 kwa siku, kidogo kidogo, ya kwanza taa inapowashwa na ya mwisho saa moja au mbili kabla ya kuzimwa. Kwa artemia hakuna kubahatisha: mwili wa kifaranga unapenya mwanga, na dakika chache baada ya kula tumbo lake huonekana la mviringo na la rangi ya machungwa. Anayebaki na tumbo jeupe na bapa huku wenzake wameshiba ama ni mgonjwa ama kinywa chake bado ni kidogo. Mrudishie infusoria kwa siku moja au mbili kabla hujamkatia tamaa.

Artemia huishi saa chache tu katika maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo waliokufa wavutwe chini kwa mrija kila jioni na ubadilishe asilimia 10 hadi 20 ya maji, kwa maji yenye joto lilelile. Ukiona vijimti vyeupe vyenye mikono myembamba vimeshika kioo, hao ni haidra, ambao hunawiri palipo na artemia wengi na huweza kumkamata kifaranga mdogo. Punguza chakula na uwahamishe vifaranga kwenye tangi lililooshwa. Unga wa dukani waweza kuanza kuchanganywa mara wanapowala artemia kwa urahisi, kwa kuutoa kwanza wakiwa na njaa ya asubuhi, na artemia baadaye.